Ufa, ukuta na maorki

Kwa miaka 19 nilifundisha Kiswahili shule za sekondari, na sidhani kama upo mwaka uliopita bila mimi kuandika ubaoni "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nilieleza maana ya nje, nikaeleza maana ya ndani, nikatoa mifano, nikasahihisha madaftari. Mwaka jana, mwezi wa nne, nilijenga ukuta.

Sisemi kwa mafumbo. Ukuta wa ua wangu hapa Morogoro, upande unaotazama mlima, ulipata ufa mwembamba kama unywele. Fundi bomba aliyekuja kwa shughuli zake aliuona, akaniambia, "Mwalimu, huu usiufanyie mchezo. Maji yanausukuma kutoka juu." Nikamwambia tutaongea. Kiangazi kizima nilipita pale kila asubuhi nikipeleka pumba za kuku. Nautazama ufa, nao unanitazama. Vuli zikapita salama, nikajiona mjanja kuliko fundi. Masika yalipokuja, usiku mmoja tulisikia kishindo, na kulipokucha tofali zangu zilikuwa zimelala kwa jirani, juu ya matuta yake ya mchicha. Nililipa tofali, saruji, mchanga, fundi na saidia fundi. Nikalipa na mchicha.

Naanza na aibu hii kwa sababu leo nataka kuzungumzia gemu la kompyuta, na wasomaji wa rika langu wakiona neno gemu kwenye mstari wa kwanza hukimbilia ukurasa wa matangazo ya vifo.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kwetu likizo ya chuo wiki chache baada ya ukuta mpya kusimama. Kijana mzuri: anasalimia, anafua nguo zake, anakula kilichopo. Kasoro yake ilikuwa moja. Ikifika saa tatu usiku, sebule inageuka uwanja wa vita. Kompyuta yake ni ya zamani, kona moja imefungwa kwa gundi ya karatasi, lakini spika zinafanya kazi kupita kiasi. Nyundo zinagonga, mishale inavuma, viumbe vinapiga mayowe.

"Unacheza nini hicho, mjomba?" nilimwuliza usiku wa tatu, uvumilivu ulipoisha.

"Orcs Must Die!, Mjomba. La zamani hili, la 2011."

Nikajitafsiria kimoyomoyo: maorki lazima wafe. Mwalimu wa nidhamu aliyemo ndani yangu akaamka. Nikataka kujua hao maorki wamemkosea nini. Akafikiri kidogo, akanijibu kwa heshima zote, "Wanataka kuingia ndani, Mjomba. Hebu kaa uone."

Nikakaa. Hiyo ilikuwa saa tatu na robo. Nilikwenda kulala saa saba.

Orki ni kiumbe cha kubuni: kifua kipana, ngozi ya kijani, meno yaliyochomoza, akili haba. Wanatokea milangoni kwa makundi, na kila kundi linaitwa wimbi. Wewe ni mganga wa vita, kijana mwenye upinde wa kifyatulio mkononi na kitabu cha uganga chenye orodha ya mitego. Kazi yako ni kuwazuia wasifike ndani kabisa ya ngome. Kila anayepenya anakupunguzia pointi, na pointi zikiisha umeshindwa. Hata wewe ukiuawa unafufuka, lakini ufufuo nao unatozwa pointi. Unayemwua anakuachia sarafu, na sarafu zinanunua mitego: miiba inayochomoza sakafuni, lami ya kuwapunguza mwendo, mishale inayofyatuka ukutani, ubao wa springi unaowarusha hewani, rungu la chuma linaloning'inia darini na kuyumba. Orki akipita kwenye mitego kadhaa mfululizo kabla ya kufa, sarafu zinaongezeka. Ngome ziko 24, na kila moja inakulipa mafuvu, yasiyozidi matano, kulingana na ulivyoilinda. Mafuvu hayo ndiyo unayoyatumia kuiboresha mitego yako.

Jamii hii ya michezo vijana huiita tawa difensi; mimi naiita ulinzi wa ngome. Ina ndugu wengi. Mnamo 2007 Desktop Tower Defense iliwapotezea watu wa maofisini saa zao za kazi, na 2009 ikaja Plants vs. Zombies, ambamo alizeti na njegere zinalinda nyumba dhidi ya wafu wanaotembea. Katika nyingi ya hizo wewe ni jicho lililo juu. Unapanga minara, unakunja mikono, unatazama. Hili la maorki limekataa. Limekushusha kutoka angani likakusimamisha ndani ya korido, miguu sakafuni, orki anakuja na panga, na ule mtego ulioutegemea bado haujajikaza upya. Utapanga, na utapigana.

Sasa, kitu kinacholindwa ndani ya ngome ni lango la mwanga linalounganisha dunia ya maorki na dunia ya watu. Kwa Kiingereza wanaliita rift. Mpwa wangu aliponitajia neno hilo nilicheka hadi mke wangu akatoka chumbani. Neno hilo sisi tulilipa Kiswahili siku nyingi, tulipoliita lile bonde kubwa linalopasua nchi zetu Bonde la Ufa. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu, mita kumi kutoka ukuta mpya, nikifundishwa na mtoto wa dada yangu namna ya kulinda ufa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Ngome ilipofunguka nilibonyeza kitufe cha kuanza, nikakimbilia mlangoni na upinde wangu. "Mjomba, usikimbie," akasema. "Wimbi la kwanza halianzi mpaka wewe mwenyewe uliite. Una sarafu, una muda." Kweli. Kabla ya wimbi la kwanza, na tena katika vituo fulani kati ya mawimbi, saa haitembei kabisa. Unaweza kuzunguka ngome nzima, ukapima korido kwa hatua, ukatazama dari, ukajaribu mtego hapa na mwingine pale. Hakuna anayekufukuza. Mtu anayecheza bao ataielewa hali hiyo: kete bado zimo mkononi, macho yanasafiri ubaoni kabla ya vidole. Nami nilikuwa nikiutupa muda huo kila mara, kwa sababu hakuna kilichokuwa kikipiga kelele.

Nimelifikiria sana jambo hili la kelele. Sina hakika kama mimi ni mvivu. Ukiniita usiku kwamba kuna mgonjwa, naamka. Ukuta ulipoanguka, siku hiyohiyo nilikuwa nimepata mchanga. Ninachokosa ni nguvu ya kufanya kazi pasipo kishindo. Kiangazi kile kilikuwa kituo kati ya mawimbi, saa imesimama, sarafu zipo, nami nilikitumia kuwalisha kuku.

Usiku wa pili nikafanya kosa la upande mwingine. Nilikuwa nimekwisha kuamini mitego, basi nikapanga korido ambayo fundi yeyote angeisifu: lami mbele, miiba katikati, mishale pande zote mbili, rungu juu. Wimbi la kwanza likasagika, la pili likasagika. Nikaweka mikono kifuani. Kumbe mtego ukishafyatuka unahitaji sekunde kadhaa kujikaza tena, na katika sekunde hizo ndipo wanapopita wale wadogo.

Wadogo wenyewe wanaitwa koboldi. Mfupi, mwepesi, kelele kama za mtoto aliyenyang'anywa ubuyu. Koboldi mkimbiaji hana ugomvi na wewe. Orki atasimama mpigane. Yupo na kiumbe mwingine, noli mwindaji, ambaye anaacha yote na kukutafuta wewe binafsi. Koboldi hana habari nawe. Anapita kati ya miguu yako akiuelekea ufa. Na atapita lini? Atapita wakati unapambana na zimwi.

Naam, zimwi, maana kile wanachokiita ogre kwa lugha yao sisi tuna jina lake tangu utotoni. Zimwi la gemu hili ni kubwa kama kontena, linatembea polepole, linastahimili mishale, na likiingia ufani linakula pointi nyingi kwa mkupuo. Macho yako yote yanakwenda kwake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. La huku halinijui kabisa. Nilipigana nalo dakika mbili nzima, nikalimaliza, nikageuka kumwonyesha mpwa wangu uso wa ushindi. Alikuwa ananionyesha kona ya juu ya skrini. Nilibakiwa na pointi tatu. Zimwi halikuingia. Makoboldi walikuwa wameingia kama watu wanaopanda daladala.

Hapo nilisimamisha mchezo nikaenda jikoni kunywa maji, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka dada yangu, mama wa kijana huyu. Miaka minne iliyopita familia yetu ilikuwa na zimwi: kesi ya shamba la marehemu baba, mawakili, vikao vya ukoo, safari za kwenda na kurudi. Tulishinda. Lakini katika miaka ile sikuhudhuria mahafali ya kijana huyu ya kidato cha nne, sikupiga simu dada alipoumwa mguu, sikumlipa mtu mmoja elfu sitini alizonikopesha hadi akaacha kunisalimia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kubwa. Kila moja lilipita kati ya miguu yangu wakati mikono yangu imeshika zimwi.

Nikarudi sebuleni. Sikumweleza mpwa wangu nilichokwenda kufanya jikoni, lakini nilimwuliza mahafali yake yalikuwaje. Akanitazama kwa mshangao. "Yale ya zamani, Mjomba? Yalikuwa mazuri. Mvua ilinyesha."

Dawa ya koboldi ni rahisi kuisema. Mitego ishike wakubwa, wewe usimame karibu na ufa na upinde wako, macho chini. Maana yake ni kwamba mpango mzuri haukupi ruhusa ya kuondoka. Unapunguza tu idadi ya mambo yanayohitaji mkono wako. Nilipofika hapo nilielewa kwa nini gemu hili lilinikamata wakati ndugu zake wale wa kukunja mikono sikuwahi kuwavumilia. Miaka 19 nilikuwa jicho lililo juu. Nilipanga methali ubaoni kama minara, kila moja mahali pake, kisha nikakaa nikitazama zitakavyomlinda mtu. Methali hailindi mtu. Fundi bomba, ambaye sijui kama hata aliwahi kuulizwa maana yake ya ndani, aliuona ufa akataka kuchukua mwiko.

Hadithi ya gemu nayo inanisuta. Anayeisimulia ni mwalimu mzee, mganga wa vita wa mwisho kati ya wakubwa, na anaisimulia akiwa amekwisha kufa. Hakuuawa na zimwi. Aliteleza, akagonga kichwa, basi. Aliyebaki kulinda ngome ni mwanafunzi wake ambaye kila mtu alimdharau, mjuvi, mwenye majigambo, na mzee analalamika kutoka kaburini kwamba dunia imeachiwa mpumbavu kuliko wote aliopata kuwafundisha. Kila mwalimu anamjua mwanafunzi huyo. Mimi nimekuwa na wengi, na mmoja wao sasa ana duka la vifaa vya ujenzi; ndiye aliyeniuzia saruji ya ukuta. Alinipunguzia bei, akacheka kwa adabu, hakuitaja methali. Nadhani aliikumbuka.

Waliolitengeneza gemu hili nao waliangukiwa na ukuta. Wengi wao walitoka Ensemble Studios ya Texas, Marekani, studio iliyolizaa Age of Empires mnamo 1997. Microsoft waliinunua mwaka 2001, na mwanzoni mwa 2009, ilipokuwa ikikamilisha Halo Wars, wakaifunga. Baadhi ya wafanyakazi wake wakaanzisha kampuni ndogo mjini Plano, wakaiita Robot Entertainment, na Oktoba 2011 wakatoa Orcs Must Die! Watu waliozoea kusimamia himaya nzima kwenye ramani wakatengeneza mchezo wa korido moja na mlango mmoja. Sijui kama walikusudia. Nikiwa mchezaji, naona mkono wa watu waliojifunza kwamba ramani kubwa si yako siku zote.

Niliposema ngome, msomaji wa pwani amekwisha kuifikiria Fort Jesus, na ana haki. Wareno waliijenga Mombasa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, kuta nene, pembe zilizopangwa ili kila upande ulinde mwingine. Waomani waliizingira Machi 1696. Kuta hazikutikisika. Waliokuwa ndani ndio waliokwisha, maradhi yakiwapukutisha, hata Desemba 1698 ngome ilipochukuliwa watetezi waliobaki walikuwa wachache mno. Kuta zenyewe bado zipo. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, mwaka uleule wa maorki. Mzee mmoja wa Mombasa niliyepata kukaa naye barazani alikuwa akisema ngome ni watu, mawe ni nguo zao.

Nisije nikaonekana nimelewa. Gemu lina kasoro. Damu inaruka, japo ni damu ya katuni, na simpi mtoto wa darasa la tatu. Masimulizi niliyoyasikia ni ya Kiingereza na utani mwingine ni wa Kimarekani mno, haunichekeshi. Ngome za mwisho zinafanana. Na linakula muda: usiku mmoja niliunguza maharage ya kesho yake, na mke wangu, ambaye hadi hapo alikuwa upande wetu, alisema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba ni ngome moja kwa usiku, na saa ya ukutani ndiyo refa.

Upo pia mkasa wa ndugu zake. La pili lilitoka 2012, na humo mnaweza kucheza wawili kwa intaneti, yule kijana pamoja na mchawi wa kike aliyekuwa adui yake. Zuri sana, na wengi wanalipenda kuliko la kwanza. Kisha kampuni ikajaribu njia ya kisasa, gemu la bure la mtandaoni lililoitwa Orcs Must Die! Unchained, ambalo unaingia bila kulipa kisha unashawishiwa kununua hiki na kile. Aprili 2019 mitambo yake ilizimwa. Leo huwezi kulicheza hata ukiwa na fedha mkononi. Lile la 2011, ambalo watu walilinunua mara moja wakalipakua, bado linafunguka kwenye kompyuta ya mpwa wangu yenye gundi ya karatasi, bando likiwa limeisha. Wakarudi kwenye asili yao kwa la tatu, na Januari 2025 wakatoa jingine, Deathtrap. Cha bure kimezikwa, cha kulipiwa kinapumua. Wenye maduka wananielewa.

Mwisho wa hadithi nausema, na asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii. Kijana yule mjuvi anagundua kwamba hawezi kulinda ufa milele. Anaamua kuziba. Na kuziba kuna gharama, kwa sababu uganga wote wa dunia ile ulikuwa ukivuja kutoka humohumo ufani. Ukizibwa, maorki hawaji tena, lakini na nguvu za mganga zinakwisha. Anaziba. Nililitazama jambo hilo mpwa wangu alipolifikia, nikaelewa mwaka juzi wangu. Sikuuacha ule ufa kwa kusahau. Fedha ya saruji ilikuwepo. Ilikwenda kwenye televisheni mpya, ileile iliyokuwa mbele yangu sebuleni, na kila nilipopita ukutani na ndoo ya pumba nilijua ninachokilinda. Ufa wangu ulikuwa na faida yake, inchi 43.

Mpwa wangu amerudi chuoni. Aliniachia gemu kwenye kompyuta yangu ya kazi, baada ya kulinunua kwa bei ya punguzo iliyokuwa ndogo kuliko ya kuku mmoja wa kienyeji. Niko ngome ya 17, mafuvu mawili, na koboldi bado ananipita. Ukuta mpya umesimama. Ule wa zamani, upande wa barabara, una mstari mwembamba karibu na nguzo ya geti, nimeuona Jumanne. Fundi anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi, na mfuko wa saruji uko stoo.

Ukitaka kulijaribu, anza na lile la 2011, ngazi ya chini kabisa, bila aibu. Na kama una mpwa, mpe kiti cha pembeni ila umkataze kugusa kipanya.